Ardhi Iliyoitwa Tupu: Litiumu ya Manono na Sheria Zetu

Swali moja linarudi kila mara tunapotaja Manono: mawe yale ni ya nani? Wengine hujibu haraka kwamba ni ya wenye nchi, wengine kwamba ni ya serikali, wengine kwamba ni ya wageni wenye mashine. Majibu yote matatu yana historia yake, na historia hiyo inawagusa ninyi mliokimbia kuliko wale waliobaki. Basi tuifuate tangu mwanzo.

Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold wa pili, mfalme wa Wabelgiji, ulitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa na watu ni mali ya dola. Neno lenyewe lilikuwa «ardhi tupu». Lakini ninyi mnajua kwetu ardhi haiwi tupu kwa sababu tu haina nyumba. Kuna shamba lililopumzishwa, kuna pori la kuwindia, kuna mahali pa uyoga na pa kuni, kuna makaburi. Mwandishi wa amri hakuona moshi, akaandika kwamba hakuna mtu. Kwa kalamu hiyo kampuni zilipewa nchi nzima-nzima, na huko Katanga mwaka 1900 ikawekwa Kamati Maalum ya kugawa ardhi na madini.

Manono ilipata kampuni ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910. Ilitafuta bati. Ikajenga mji, na katika miaka ya 1930 ikajenga mtambo wa umeme wa Piana Mwanga juu ya mto Luvua. Bati lilitolewa ndani ya mwamba mkubwa wenye jiwe jingine la rangi hafifu, liitwalo spodumene, ambalo ndani yake mna litiumu. Zama zile jiwe hilo halikuwa na soko la maana, likatupwa pamoja na mchanga. Ile milima ya takataka ambayo watoto wa Manono wamekuwa wakiiona tangu kuzaliwa, sehemu yake ni hilo jiwe.

Baada ya uhuru serikali yetu ilitaka kurudisha mali. Sheria iitwayo Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, ilirudishia dola haki zote za ardhi na madini zilizotolewa na wakoloni. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tazameni vizuri: mali ilitoka kwa kampuni, ikaenda kwa dola, kijijini haikufika. Kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema ardhi ya nchi ni mali ya dola, hata ile inayokaliwa na wenyeji kwa desturi, na kwamba haki za hao wenyeji zitapangwa na amri ya Rais. Wenyeji wakaingoja amri hiyo kwa makumi ya miaka. Kwangu mimi niliyesoma sheria, hicho ndicho kidonda kikubwa kuliko vyote: mtu analima ardhi ya babu yake, lakini karatasi haimjui.

Mengine tuyapite upesi. Mwaka 1985 soko la bati lilianguka duniani, Zaïre-Étain ya Manono ikadhoofika, na vita vya miaka 1998 hadi 2003 vikaharibu mji na mtambo wa umeme. Wananchi wakabaki wakichimba kasiterite kwa mikono. Kisha dunia ikaanza kutaka betri za magari, na litiumu ikawa madini yanayogombaniwa na mataifa.

Kampuni ya AVZ ya Australia iliingia Manono ikishirikiana na Cominière, ambayo ni ya dola, katika kampuni moja iitwayo Dathcom. Utafiti wake ulitangaza tani kama milioni 400 za mwamba, zenye oksidi ya litiumu kama 1.65 kwa mia. Baadaye ugomvi wa hisa ukazuka. Mwaka 2023 wizara ilifuta haki ya Dathcom, na upande wa kaskazini-mashariki ukapewa ushirika wa Cominière na Zijin ya China. AVZ ikapeleka kesi mbele ya waamuzi wa kimataifa. Mwezi wa Julai 2025 KoBold Metals ya Marekani nayo ikatia sahihi mapatano ya awali na serikali. Australia, China, Marekani, na Kinshasa katikati. Katika hao wote, nani alipita kambini kuuliza shamba la nani liko wapi?

Kwa maana kumbukeni miaka ile ile ilikuwaje. Wakati watafiti wanatoboa mwamba, Tanganyika ilikuwa inaungua. Mapigano ya Baluba na Batwa, yaliyopamba moto mwaka 2016, yalitoa watu wengi mno katika vijiji vyao, wa pande zote mbili. Vijiji vikabaki bila moshi. Hapo ndipo ninapoogopa amri ya 1885, ingawa aliyeiandika amekufa zamani. Mtu aliyekimbia risasi hakuiacha ardhi yake iwe tupu.

Sheria ya Madini ya 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, ina vifungu vya kutusaidia, na ni vizuri mvijue. Kodi ya madini inayolipwa na mchimbaji inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali, yaani sekta, usultani au mji, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni lazima itenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kutia sahihi daftari la masharti pamoja nao. Na anayenyimwa shamba lake anastahili kulipwa.

Wakuu wetu, hiyo 15 kwa mia inaweza kujenga shule, na inaweza kuwasha moto mpya. Chefu akiipokea bila hesabu ya hadharani, au Batwa wakiambiwa kwamba wao hawana kijiji na hivyo hawana fungu, tutarudi tulikotoka. Kabla hamjatia sahihi daftari lolote, pelekeni habari kwenye kambi, hata zile za mbali. Andikeni majina ya waliokimbia pamoja na ya waliobaki, na daftari lisomwe kwa lugha ambayo mama asiyejua Kifaransa ataielewa.

Nanyi mlio kambini: andikeni jina la kijiji, la mkuu wenu, mipaka ya shamba, miti mliyopanda, na majirani wawili wanaowajua, ikiwezekana mmoja Muluba na mmoja Mutwa. Nakala moja mshike ninyi, nyingine mpe mkuu wa kijiji, ya tatu ipelekwe ofisi ya teritware, na ombeni ipigwe muhuri wenye tarehe.