Hataza Juu ya Uamuzi wa Tabibu: Programu, Tiba na Pengo Katika Sheria Zetu

Tarehe 20 Machi 2012 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana katika shauri lililozikutanisha kampuni ya Prometheus na taasisi ya tiba ya Mayo. Kiini cha ugomvi kilikuwa namba mbili. Wagonjwa wa utumbo ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, wenye ugonjwa wa Crohn wakiwemo, hupewa dawa za kundi la thiopurini. Kila mwili huzichakata kwa namna yake, na dozi inayomponya mmoja humdhuru mwingine. Hataza ya Prometheus ilidai mchakato ufuatao: mpe mgonjwa dawa, pima kiasi cha zao la dawa hiyo katika damu, na ukikuta kiko chini ya pikomoli 230 kwa chembe nyekundu milioni 800, ujue kuna haja ya kuongeza dozi, kikizidi 400, ujue kuna haja ya kuipunguza.

Madai hayo hayakumtaka daktari abadilishe chochote. Jinsi yalivyoandikwa, daktari aliyempa mgonjwa dawa, akapima damu na kuelewa namba zile zina maana gani, alikuwa amekwisha kuvunja haki ya mtu, hata kama dozi aliiacha kama ilivyo. Mayo walikuwa wametangaza mwaka 2004 kipimo chao wenyewe chenye kikomo cha juu cha 450 badala ya 400, na hilo ndilo lililowafikisha mahakamani. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika hukumu, aliona kwamba uhusiano kati ya kiasi cha dawa katika damu na manufaa au madhara yake ni kanuni ya maumbile. Na hatua zilizouzunguka, yaani kutoa dawa na kupima, madaktari walikuwa wakizifanya tangu zamani. Hataza ikaanguka.

Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Juni 2014, mahakama ileile iliamua shauri lisilo na damu wala mgonjwa. Alice Corporation ilikuwa na hataza za mfumo wa kompyuta unaosimama katikati ya pande mbili zinazolipana, ili upande mmoja usitoe fedha kisha mwingine ukashindwa kutimiza wajibu wake. Jaji Clarence Thomas alichukua kipimo kilekile cha shauri la Mayo akakitumia kwa programu. Kwanza, je, kinachodaiwa ni kanuni ya maumbile au wazo tupu? Pili, je, kuna kitu kilichoongezwa kinachoweza kuligeuza wazo hilo kuwa uvumbuzi? Kompyuta ya kawaida inayofanya kazi zake za kawaida haikutosha.

Mashauri haya husomwa kama sura za vitabu viwili, kimoja cha tiba na kingine cha teknolojia ya habari. Kwa maoni yangu ni sura moja. Kinachogombewa kote ni umiliki wa uamuzi: ukiona hiki, fanya kile. Tabibu huufikia uamuzi huo kichwani, programu huufikia kwa msimbo, lakini uamuzi ni uleule. Na kwa kuwa maamuzi ya tabibu yanahamia kwa kasi ndani ya programu, ulinzi ambao sheria imempa tabibu unaweza kupotea bila bunge lolote kuupigia kura.

Ulinzi huo haukupatikana kirahisi. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na daktari wa upasuaji John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni. Kabla mwezi mmoja haujapita, tarehe 12 Novemba, Morton na Charles Jackson walipewa hataza namba 4848. Morton alikuwa ameitia etha rangi na manukato na kuiita Letheon ili watu wasijue ni kitu gani. Madaktari wakaitambua kwa harufu. Mwaka 1862 mahakama mjini New York iliikataa hataza hiyo. Etha ilijulikana, kuvuta mvuke kulijulikana, na kugundua kwamba vitu hivyo viwili vinaleta athari mpya mwilini, hata athari kubwa kiasi hicho, hakukutosha kumpa mtu miliki.

Zaidi ya miaka 130 baadaye suala lilirudi kwa sura nyingine. Samuel Pallin, daktari wa macho wa Arizona, alipata hataza ya mkato wa kuondolea mtoto wa jicho. Mkato wenyewe ulikuwa mdogo, umepinda kwa namna ambayo ulijifunga bila mshono. Alimshtaki daktari mwenzake wa Vermont, Jack Singer, kwa kupasua macho ya wagonjwa wake kwa njia hiyo. Chama cha madaktari cha Marekani kilipinga, shauri likaisha mwaka 1996 kwa madai ya Pallin kutangazwa batili, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha kifungu kinachowakinga daktari na hospitali yake wasidaiwe fidia kwa kutumia njia ya tiba yenye hataza. Lakini kinga hiyo ina mpaka ambao mjadala huu wote unaugusa: haimfikii anayetumia mashine yenye hataza.

Ulaya ilichagua njia nyingine. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini Munich mwaka 1973, unakataa kabisa hataza kwa njia za upasuaji, za tiba na za utambuzi wa ugonjwa zinazofanywa katika mwili wa binadamu au mnyama, na unakataa pia programu za kompyuta zinapodaiwa kama programu tu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi tarehe 1 Januari 1995, unaziruhusu nchi wanachama kuzitenga njia za tiba. Sheria za nchi zetu nazo zinazitenga. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 21, inatenga njia za kutibu na za kutambua ugonjwa. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 inafanya vivyo hivyo. Zote mbili zinaongeza kwamba katazo hilo haligusi bidhaa zinazotumika katika njia hizo.

Nyongeza hiyo ilikuwa ya busara. Mbunge aliyeipitisha alifikiria kisu, sindano, kidonge, mashine ya eksirei. Aliyevumbua sindano bora anastahili hataza ya sindano hata kama kuchoma sindano ni tiba. Je, programu ni bidhaa ya aina hiyo?

Chukua mtoto wa miezi minane anayeletwa zahanati akikohoa. Tabibu humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kushughulikia magonjwa ya watoto kwa pamoja unasema kwamba kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafikia mitano, 40 au zaidi. Pumzi zikiwa za haraka na hakuna dalili za hatari, mtoto anahesabiwa kuwa na nimonia, anaanzishiwa amoksisilini, na mama anaelezwa lini amrudishe. Tabibu akihesabu 52, kazi ya kufikiri imekwisha kufanywa na waliotangulia, nao waliitoa bure kwa ulimwengu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia mwongozo huo, katika miaka ya 1990.

Sasa linganisha 50 na 40 za zahanati hiyo na 230 na 400 za Prometheus. Umbo ni moja: pima, linganisha na kikomo, amua. Tofauti ni kwamba moja liliwekwa mikononi mwa umma na jingine lilifungiwa. Kama mtu angeomba hataza Nairobi au Dar es Salaam kwa jina la njia ya kutambua nimonia kwa kuhesabu pumzi, mkaguzi angemrudishia ombi kwa kifungu nilichokitaja. Lakini wakili mjanja hataliandika hivyo. Ataandika: mfumo wenye kichakataji, kumbukumbu na skrini, unaopokea idadi ya pumzi na umri, unaolinganisha na kikomo kilichohifadhiwa na kuonyesha dawa inayopendekezwa. Uamuzi ni uleule, ila sasa umevaa vazi la kifaa, na kifaa ni bidhaa. Vikomo vya WHO vyenyewe ni vya zamani mno kuhatazwa na yeyote; hatari iko kwenye vikomo vya kesho, vitakavyotokana na takwimu za wagonjwa wetu wenyewe na kurudishwa kwetu ndani ya simu.

Sisemi kwamba programu haiwezi kamwe kuwa na uvumbuzi wa kweli. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza Marekani iliamua shauri la Enfish dhidi ya Microsoft, na nadhani iliamua sawasawa. Hifadhidata ya kawaida hutenga jedwali kwa kila aina ya kitu: wateja huku, bidhaa kule, na safu za kila jedwali hupangwa kabla data haijaingia. Enfish waliweka kila kitu katika jedwali moja, na wakaifanya mistari ya jedwali hilo ieleze safu zake lenyewe. Ukitaka safu mpya, unaongeza mstari. Mahakama iliona kwamba hapo kompyuta yenyewe imeboreshwa, katika utafutaji na katika matumizi ya kumbukumbu. Huo ni usanifu wa programu kwa maana kamili, na haujali data inayohifadhiwa ni ya duka au ya wodi.

Kinachonishawishi zaidi kwamba mstari kati ya mambo haya mawili unachoreka ni kazi iliyofanyika karibu nasi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo ule mdogo ulizidiwa. Kutokana na uzoefu huo ilizaliwa OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Moyo wa usanifu wake ni kamusi ya dhana. Uzito, idadi ya chembe za CD4, kikohozi, dawa aliyopewa mgonjwa: kila kimoja ni dhana katika kamusi, na kila kipimo kinachoandikwa huelekezwa kwenye dhana yake. Ugonjwa mpya ukizuka, wahudumu huongeza dhana. Hakuna anayebomoa majedwali.

Waliosanifu mfumo huo hawakuwa wakiandika sheria, lakini wameitenganisha kazi ambayo wanasheria wanadai haitenganishiki. Upande mmoja upo utaratibu wa kuhifadhi, kutafuta na kuunganisha, usiojua lolote kuhusu malaria. Upande wa pili yamo maarifa ya tiba: dhana, vikomo, kanuni za nini kifuate nini. Mhandisi yeyote anayefahamu mfumo wa namna hii anaweza kumwonyesha mkaguzi wa hataza mpaka huo ulipo. Uvumbuzi ukiwa upande wa kwanza, mwenye kuubuni apewe haki yake. Ukiwa upande wa pili, ni uamuzi wa tabibu, na katazo la njia za tiba linapaswa kuufuata humo ndani.

Kuna wanaoona kwamba mpaka wenyewe haupo. Mwaka 2018, katika shauri la Vanda, mahakama ileile ya rufaa ilikubali hataza ya dawa ya skizofrenia iitwayo iloperidoni: mpime mgonjwa jeni la CYP2D6, na kama mwili wake huichakata dawa polepole, umpe miligramu 12 au pungufu kwa siku, kama sivyo, zaidi ya 12 hadi 24. Mahakama ilisema Prometheus walidai kujua, ilhali Vanda walidai kutibu. Jaji Sharon Prost alipinga, akiona mantiki ni moja na ya Mayo, nami niko upande wake. Daktari anayejua kwamba mgonjwa wake huchakata dawa polepole hawezi kujifanya hajui. Kumpa dozi ndogo ni wajibu wa kazi yake. Hataza inayomruhusu kujua lakini inamtoza kwa kutenda alichokijua inamweka mahali pabaya kuliko ile ya Prometheus.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya fedha. Kutafuta kikomo sahihi kunadai majaribio, maabara na miaka. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilipokataa kwa kura 7 dhidi ya 5 kulisikiliza upya shauri la Athena, lililohusu kipimo cha aina moja ya ugonjwa wa misuli, majaji waliandika maoni manane, na wengi wao walisikitika kwamba hukumu ya Mayo inawafunga mikono wasivilinde vipimo vya utambuzi. Siwapuuzi. Lakini mtengenezaji bado anaweza kupata hataza ya kitendanishi kipya, ya kifaa kipya cha kupimia, ya molekuli mpya. Na msimbo wake unalindwa na hakimiliki bila ombi lolote. Anachonyimwa ni uwezo wa kumzuia tabibu wa wilaya nyingine asifikie hitimisho lilelile kwa kifaa kingine. Frederick Banting na wenzake walipouza hataza ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, utafiti wa kisukari haukufa.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyapendekeza ni mafupi. Katika sheria ya Kenya, ya Tanzania Bara, na ya Zanzibar ambayo ina sheria yake ya mwaka 2008, ielezwe kwamba katazo la njia za tiba na utambuzi linahusu pia maelekezo ya kompyuta yanayotekeleza njia hizo, na kwamba programu haihesabiki kuwa bidhaa ya tiba isipokuwa pale inapoboresha utendaji wa kifaa chenyewe. Mkataba wa TRIPS hauzuii hilo, na Tanzania, ikiwa nchi yenye maendeleo duni zaidi kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, ina nafasi pana zaidi hadi tarehe 1 Julai 2034.

Hata kabla bunge halijakaa, kuna kazi inayowezekana. Maombi mengi hupitia shirika la mali bunifu la ARIPO huko Harare, ambako mwombaji hutaja nchi anazotaka hataza yake ifanye kazi. Chini ya Itifaki ya Harare, nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kutamka kwa maandishi kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika ardhi yake kwa kuwa inapingana na sheria yake. BRELA, wakala unaosajili hataza Tanzania Bara, na ofisi ya hataza ya Nairobi zikimweka mtu mmoja anayeelewa tiba na mwingine anayeelewa msimbo wayasome kwa pamoja madai ya kila mfumo wa afya, miezi sita inatosha.