Maumivu sugu ya goti: Kisu si cha kukimbiliwa

MAUMIVU ya goti yasiyokoma ni miongoni mwa maradhi yanayowatesa wazee wengi kimyakimya, kwa kuwa huchukuliwa kuwa sehemu ya uzee, sawa na mvi. Mgonjwa huanza kwa kukwepa ngazi, kisha huacha kwenda sokoni kwa miguu, na hatimaye hushindwa hata kuchuchumaa msalani. Kufikia hapo, huwa amemeza tembe za kila aina, amechuliwa kwa mafuta ya kila rangi, na pengine ameambiwa kwamba limebaki jambo moja tu: apasuliwe na kuwekewa goti la chuma.

Ushauri huo wa mwisho ni sahihi kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa wengi, hata hivyo, huja mapema mno, kabla ya kujaribiwa kwa dhati njia ambazo utafiti umethibitisha kuwa na manufaa na ambazo hazigharimu sana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, na kwamba goti ndilo kiungo kilichoathirika zaidi, kwa wagonjwa milioni 365. Asilimia 60 ya wanaougua ni wanawake.

Humu nchini ugonjwa huu hutiwa katika kapu moja na mengine yote ya viungo na kuitwa baridi yabisi. Jina hilo limezua dhana kwamba kinachouleta ni baridi ya Limuru au sakafu ya saruji isiyo na zulia. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi husema maumivu huzidi msimu wa baridi wa Julai, lakini baridi siyo inayoharibu goti.

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na ule wa muundi, huku kilegesambwa kikiwa mbele kama ngao. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu, utando mgumu lakini mtelezi, na kati yake mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo ambavyo hupunguza kishindo. Ute maalumu hulainisha mwendo. Gegedu haina mishipa ya damu, na hiyo ndiyo sababu ikishajeruhiwa haiponi kwa wepesi kama ngozi au mfupa.

Zamani madaktari waliufananisha ugonjwa huu na tairi la gari linalolika kadiri linavyotembea. Mfano huo umewadhuru wagonjwa wengi, kwani umewafanya wakae kitako wakihofia kumaliza gegedu iliyosalia. Tairi halipati nafuu kwa kutumiwa, goti hupata. Leo inafahamika kwamba ugonjwa huhusisha kiungo kizima, yaani gegedu, mfupa ulio chini yake, utando unaotoa ute pamoja na misuli ya paja, na kwamba misuli iliyonyong'onyea kwa kukaa bure huliongezea goti mzigo.

Wanaokabiliwa na hatari zaidi ni waliopita umri wa miaka 50, wenye uzani uliozidi kiasi, waliowahi kuumia goti, mathalani wachezaji kandanda waliochanika kano, na wale ambao wazazi wao waliugua. Kazi pia huchangia. Anayepiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi, awe fundi wa vigae, mkulima au mpakiaji magunia, hulitwika goti kuliko karani wa ofisini.

Si kila goti linalouma lina ugonjwa huu. Jongo, ambalo wengi hulijua kama gauti, huvamia ghafla na kuleta uvimbe mkali. Kuna pia ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Huu huathiri viungo kadhaa kwa pamoja, hasa vya vidole, na mgonjwa huamka akiwa amekakamaa kwa zaidi ya saa moja. Katika goti lililochakaa, ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida huisha kabla ya nusu saa. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye goti, na nyonga iliyoharibika inaweza kuumia gotini. Goti linalovimba, kuwa moto na kuandamana na homa ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwani viini vinaweza kuliharibu kabisa katika muda wa siku chache.

Picha ya eksirei husaidia, ila isichukuliwe kama hukumu. Wapo watu wenye picha mbaya ambao hutembea bila shida, na wapo wenye picha nzuri wanaolia usiku. Hata ile mashine ghali ya MRI hudanganya. Utafiti uliofanywa Framingham, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2008 ulipima watu 991 wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Miongoni mwa waliokutwa na vile vipande vya mwezi mwandamo vimechanika, asilimia 61 hawakuwa wameumwa na goti katika mwezi uliotangulia. Kwa hivyo, mgonjwa anayeonyeshwa mchaniko kwenye picha ana haki ya kuuliza iwapo ndio unaomuuma.

Tiba ya kwanza, na ambayo hupuuzwa kuliko zote, ni mazoezi. Si mazoezi ya kukimbia mbio za Iten, bali ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga. Mgonjwa huketi kwenye kiti, akanyoosha mguu mmoja hadi uwe sawa na paja, akauzuia hapo kwa sekunde tano na kuushusha polepole. Jingine ni kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, au kwa kujishikiza kidogo ikiwa hawezi. Kutembea kwenye ardhi tambarare na kuendesha baiskeli pia hufaa. Maumivu kiasi wakati wa zoezi si ishara ya madhara, mradi yawe yametulia kufikia siku inayofuata. Yakizidi, mgonjwa hupunguza idadi, haachi.

Ugumu wa tiba hii ni kwamba haileti nafuu siku ya pili kama sindano. Huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu. Mtaalamu wa tibamaungo, anayejulikana zaidi kama wa fiziotherapia, husaidia kupanga mazoezi na kuyapandisha ngazi. Wataalamu hawa hupatikana katika hospitali nyingi za kaunti, ingawa mgonjwa anaweza kulazimika kuomba mwenyewe apelekwe kwao.

Yapo matokeo ya kuaminika. Mwaka wa 2020, watafiti nchini Marekani waliwagawa wagonjwa 156 makundi mawili, moja likapewa tibamaungo na jingine sindano za steroidi. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya shughuli zao.

Jambo la pili ni uzani. Utafiti wa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja ambayo mtu mnene hupunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Anayepunguza kilo tano, basi, huliondolea goti kilo 20 kila anapokanyaga. Mwaka wa 2024 ilibainika pia kwamba dawa ya semaglutidi, inayopunguza uzani, hupunguza kwa kiasi kikubwa maumivu ya goti kwa wanene kupindukia. Hata hivyo, bei yake ingali mbali na mfuko wa mwananchi wa kawaida.

Dawa za maumivu zina nafasi yake, lakini ndogo kuliko inavyodhaniwa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa Oktoba 2022, ilipendekeza dawa ya kupaka ya jamii ya diklofenaki itangulie, na tembe zifuate tu pale ambapo ya kupaka haitoshi. Mwongozo huo haupendekezi parasetamoli kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Tatizo la Kenya ni wepesi wa kununua diklofenaki na aibuprofeni dukani na kuzimeza miezi nenda miezi rudi. Tembe hizo huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, kuumiza figo, kupandisha shinikizo la damu na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mzee mwenye shinikizo la damu, kisukari au figo dhaifu hapaswi kuzianza bila daktari kujua. Ikumbukwe kwamba dawa ya Vioxx, iliyosifiwa kwa kutouma tumbo, iliondolewa sokoni kote duniani Septemba 2004 baada ya kubainika kuwa iliongeza visa vya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Wauzaji wa mitishamba nao hawakosi la kusema. Hatari kubwa haiko kwenye mti wenyewe bali kwenye kinachoongezwa kisirisiri. Mwaka wa 2022, Mamlaka ya Dawa ya Marekani (FDA) ilionya umma kuhusu kirutubisho cha viungo kiitwacho Artri King kilichokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Deksamethasoni ni steroidi. Hutuliza maumivu haraka mno, lakini humpandishia mgonjwa sukari, hudhoofisha mifupa, na ikikatizwa ghafla huweza kumwangusha. Unga wa miti unaoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili unastahili kutiliwa shaka.

Virutubisho vya glukosamini na kondroitini, vinavyouzwa kwa bei ya juu, vilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2006 yalionyesha kwamba, kwa jumla, havikuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Sindano za steroidi ndani ya goti hupoza maumivu kwa wiki kadhaa, na zinaweza kumfaa mtu aliyezidiwa anayetaka nafasi ya kuanza mazoezi. Kuzirudia mara kwa mara ni jambo jingine. Katika utafiti wa mwaka wa 2017, wagonjwa 140 walichomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu kwa steroidi na nusu kwa maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana, lakini waliopewa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Nayo sindano ya chembe za damu ya mgonjwa mwenyewe, inayotangazwa sana na kutozwa fedha nyingi, ilijaribiwa Australia kwa watu 288. Mwaka wa 2021 ilitangazwa kuwa haikushinda maji ya chumvi.

Upasuaji una sura kadhaa. Ule wa kuingiza kamera na kusafisha goti ulipata pigo mwaka wa 2002, wakati madaktari wa Houston, Texas, walipowafanyia baadhi ya wagonjwa 180 upasuaji wa kuigiza, yaani kuchanjwa ngozi tu na kushonwa. Miaka miwili baadaye, waliosafishwa goti hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa tu. Upasuaji huo bado una kazi yake kwa majeraha fulani ya vijana, lakini si tiba ya goti lililochakaa.

Kubadilisha goti ni habari nyingine. Kwa mgonjwa anayekosa usingizi kwa maumivu, asiyeweza kutembea mbali na aliyejaribu mengine yote bila mafanikio, upasuaji huu huweza kurejesha maisha. Uchunguzi wa mwaka wa 2019 ulikadiria kuwa takriban asilimia 82 ya magoti kamili ya bandia hudumu miaka 25. Palipoharibika upande mmoja tu, nusu ya goti inaweza kubadilishwa, na mtu wa makamo mwenye matege anaweza kunyooshwa mfupa badala ya kuwekewa chuma.

Mizani yenyewe ilionekana wazi nchini Denmark mwaka wa 2015. Wagonjwa 100 waliostahili kupasuliwa waligawanywa, nusu wakabadilishwa goti na kupewa mazoezi, nusu wakapewa mazoezi, ushauri wa lishe na dawa pekee. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa na nafuu takriban maradufu, lakini pia walipata madhara makubwa mengi zaidi, yakiwemo damu kuganda mishipani. Katika kundi la pili, takriban robo tatu walikuwa hawajahitaji kisu.

Umri una uzito katika uamuzi huu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka wa 2017 ulikadiria kwamba anayebadilishiwa goti akiwa amepita miaka 70 ana uwezekano wa takriban asilimia 5 wa kupasuliwa tena maishani. Kwa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, uwezekano hufika asilimia 35. Aidha, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki kikamilifu, na wengi hawawezi tena kupiga magoti bila tabu. Kwa mkulima anayepalilia akiwa amepiga magoti, hilo si jambo dogo, na heri aambiwe mapema.

Kisha kuna gharama, ambayo katika hospitali za kibinafsi hufika mamia ya maelfu ya shilingi. Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF ilipofungwa, malipo hupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na mgonjwa anapaswa kupata idhini na kujua kiasi kitakachosalia kabla ya kupangiwa tarehe. Familia zinazouza ng'ombe au kuitisha harambee husahau mara nyingi kuweka kando fedha za tibamaungo ya wiki zinazofuata, ilhali goti lisilonyooshwa mapema hukakamaa. Wanaosafiri kwenda India nao wajiulize ni nani atakayewaangalia wakirudi, pakitokea tatizo.

Anayesubiri uamuzi, au aliyeamua kutopasuliwa, ana mengi ya kujirahisishia nyumbani. Bakora hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu kama wengi wafanyavyo. Ngazi hupandwa kwa kutanguliza mguu mzima na kushukwa kwa kutanguliza unaouma. Seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo cha shimo, na jiko la chini likainuliwa juu ya meza ya mawe. Mwislamu asiyeweza kusujudu huruhusiwa kuswali akiwa ameketi kitini.

Kwa aliyekwisha kubadilishiwa goti, likivimba, kuwa moto au kutoa usaha, hata baada ya miaka kadhaa, hurudi hospitalini siku hiyo hiyo bila kutangulia kumeza antibiotiki za dukani, kwani viini hujibanza juu ya chuma na dawa hizo huvificha tu wakati daktari anapotafuta kuvitambua.