Soketi ya matundu 16: umbo moja, lugha nyingi

Mwaka 2026 soketi ya kupimia magari inatimiza miaka 30 tangu Marekani ilipoilazimisha kwa kila gari dogo jipya, kuanzia modeli za 1996. Ni kile kisanduku cha plastiki kilichojificha chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, chenye matundu 16 yaliyopangwa safu mbili, ambamo fundi huchomeka skana ili aonyeshwe injini inaumwa wapi. Kwa watu wa Eringeti, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 4, yapata kilomita 55 kaskazini mwa mji wa Beni na karibu na mpaka wa Ituri, kisanduku hicho kina uzito wa pekee. Gari linalotoka hapo kuelekea Luna na Komanda, upande wa Ituri, halina ruhusa ya kuzimika njiani. Septemba 1, 2021, hata msafara uliokuwa ukisindikizwa ulishambuliwa kati ya Komanda na Luna, na magari yakachomwa. Kwenye njia ya namna hiyo, kuujua ugonjwa wa gari kabla halijaondoka Beni au Oicha ni sehemu ya usalama wa abiria. Kwa hiyo skana inapochomekwa na kioo cha simu kikaandika kwamba hakuna mawasiliano, hasara yake si ya fundi peke yake. Na hukumu inayofuata huwa ya haraka mno: kompyuta ya gari imekufa, ama fundi hajui kazi. Historia ya soketi hii inaonyesha kwamba hukumu zote mbili hutolewa kabla ya ushahidi, kwa sababu kilichosanifiwa kuwa kimoja duniani ni umbo la soketi. Lugha inayopita ndani yake ilibaki ya kila kiwanda kwa miaka mingi, na magari ya miaka hiyohiyo ndiyo yaliyojaa kwenye barabara zetu.

Chanzo chake ni moshi wa California. Katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles ulitokana na mvuke na gesi za magari na viwanda zikipikwa na jua. Jimbo likaunda bodi ya hewa safi mwaka 1967, na yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Viwanda vilipoweka kompyuta kwenye injini ili kupunguza moshi, kila kimoja kilibuni soketi yake: General Motors ilikuwa na yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, Toyota ikaweka kiboksi chake ndani ya boneti. California ikadai kwanza kompyuta ijipime yenyewe, kisha wahandisi wa Marekani wakaandika sanifu ya soketi moja, na mwaka 1996 ukafika. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Jambo la kushika hapa ni kwamba sheria hizi ziliandikwa kwa ajili ya ukaguzi wa moshi, na kila moja ilibana magari yanayouzwa katika soko lake tu. Hata huko Marekani, soketi hiyo moja iliruhusiwa kubeba lugha kadhaa: Ford yake, General Motors yake, Chrysler na viwanda vingi vya Ulaya na Asia zao. Lugha ya pamoja, ile iliyobuniwa na Bosch na kutangazwa Detroit Februari 1986 kwa jina la CAN, haikuwa lazima kwa magari yote madogo ya Marekani hadi modeli za 2008.

Sasa tazama magari yanayoingia kupitia Mombasa, yakavuka Uganda na kupita mpaka wa Mpondwe hadi Kasindi, upande wa Kongo. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, usukani upande wa kulia. Toyota ya mwisho wa miaka ya 1990 au mwanzo wa miaka ya 2000 iliyokusudiwa soko la nyumbani kwao inaweza kuwa na soketi ya matundu 16 isiyotofautiana kwa macho na ile ya Marekani, huku kompyuta yake ikizungumza lugha ya kiwanda kupitia tundu la 7. Skana ya kawaida inapiga hodi kwa salamu ya kimataifa, kompyuta haiitambui salamu hiyo, basi inanyamaza. Hapo hakuna kilichoharibika. Kuna pia magari yasiyo na cha kujibu kabisa: Land Cruiser ya injini ya 1HZ, iliyopendwa sana na mashirika ya misaada, husukuma dizeli kwa pampu ya vyuma, bila kompyuta ya kuiamrisha. Na malori ya volti 24 yana aina yao ya soketi. Sanifu iliikata katikati ile njia iliyo kati ya safu mbili za matundu ili plagi ya volti 12 isiingie, kwani kifaa kilichotengenezwa kwa volti 12 kinaweza kuungua.

Lakini upande wa pili wa ukimya uko kwenye skana yenyewe, na kisa chake ni kizito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ndogo ya Elm Electronics, ya mji wa London ulioko Ontario, Kanada, ilitengeneza chipu iitwayo ELM327. Kazi yake ilikuwa ukalimani: inapokea lugha mbalimbali za magari na kuzigeuza maandishi mepesi ambayo kompyuta au simu inaweza kuyasoma. Ndani yake kulikuwa na kichakataji cha kawaida kilichopandishwa programu ya Elm, na toleo la kwanza, 1.0, lilitoka bila kufungwa dhidi ya kunakiliwa. Wanakili wakaisoma programu nzima na kuizalisha. Elm ilifunga matoleo yaliyofuata na kuendelea kuongeza uwezo, ila mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Soko likajaa vifaa vilivyoandikwa 1.5, namba ambayo Elm wenyewe hawakuwahi kuitoa, na vingine vilivyoandikwa 2.1 huku ndani vikishindwa kuitikia amri ambazo hata matoleo ya zamani ya kweli yaliziitikia. Juni 2022 Elm ilifunga biashara. Nakala zinaendelea kuuzwa. Haifai kuzidharau moja kwa moja, kwa sababu ndizo zilizompa fundi asiye na mtaji mkubwa uwezo wa kusoma gari. Ila ni dhuluma kwa mnunuzi kuuziwa namba ya uongo, na dhuluma hiyo inaonekana wazi pale Toyota ya Kijapani inapohitaji salamu maalumu na nakala haina uwezo wa kuituma. Mkalimani aliyekatwa ulimi anakutana na mwenyeji asiyejua lugha ya wageni, halafu lawama anabebeshwa fundi.

Kwa kuwa chanzo cha ukimya ni zaidi ya kimoja, njia ya kukitafuta lazima iwe na mpangilio, na hatua zake za mwanzo hazihitaji skana yoyote. Zinahitaji testa ya kupimia umeme. Tundu la 16 lazima liwe na umeme wa betri hata funguo ikiwa mfukoni. Tundu la 4 na la 5 ni masi, au athi kama wasemavyo mafundi wa upande wa Uganda. Volti 12 zikikosekana kati ya 16 na 4, skana nyingi haziwezi hata kuwaka, na mahali pa kwanza pa kutazama ni fyuzi. Katika magari mengi fyuzi hiyo ndiyo inayolisha pia soketi ya kuwashia sigara, ile inayochomekwa chaja za simu kutwa nzima, kwa hiyo chaja mbovu inatosha kuinyamazisha soketi ya kupimia. Umeme ukiwepo, kontakti iwe imewashwa, maana kompyuta nyingi hulala funguo ikizimwa. Kisha matundu yaangaliwe kwa tochi: pini iliyopinda, kutu, vumbi la barabara, pini iliyosukumwa nyuma na plagi ya kulazimisha. Kwa gari linalotumia CAN, betri ivuliwe, na upimwe ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14. Jibu zuri ni karibu omu 60, kwa kuwa kila ncha ya mtandao ina kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo vimekaa sambamba. Ukiona 120, ncha moja imekatika; ukiona sifuri au karibu yake, nyaya mbili zimegusana mahali. Kwa gari la tundu la 7, kontakti ikiwa imewashwa, waya huo kwa kawaida hukaa karibu na volti za betri. Ukilala sifuri, kuna kinachouvuta chini. Katika Volkswagen za miaka fulani kinachouvuta huwa ni redio iliyofungwa baadaye, kwa kuwa plagi ya redio ya kiwanda ilipitisha waya huohuo wa upimaji.

Wapo watakaosema dawa ni kununua skana ya bei kubwa na kuachana na nakala. Ni kweli kwamba skana nzuri inajua lugha nyingi, ikiwemo ya Toyota za Kijapani, na garaji inayoweza kuimudu ifanye hivyo. Hata hivyo skana ya dola elfu nayo haipati neno kutoka kwenye soketi ambayo waya wake wa masi umeoza. Testa ya dola chache inaona tatizo hilo, skana hailioni. Wengine, hasa mafundi wakongwe, husema magari yalitengenezwa vizuri kabla ya kompyuta na sikio la fundi linatosha. Sikio linatosha kwa 1HZ. Kwa injini ambayo kompyuta yake ndiyo inayoamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche, kitambuzi kilichoharibika hakina sauti. Tena wakongwe hao wanayo silaha ambayo vijana wa skana wameanza kuisahau: katika Toyota nyingi za Kijapani, waya mfupi ukiunganisha tundu la 13 na la 4, kontakti ikiwa imewashwa na injini haijawaka, taa ya injini hupepesa namba za makosa, na fundi huzihesabu kwa jicho. Tundu la 16 lisiguswe kwa waya huo, maana lina umeme wa betri. Njia hiyo haihitaji simu wala mkalimani, na inastahili kufundishwa upya.

Miaka ya karibuni imeongeza kufuli: kuanzia mwaka 2018 baadhi ya viwanda vimeweka lango la usalama kati ya soketi na kompyuta, linalotaka idhini kabla ya kuruhusu amri kupita. Magari hayo nayo yatazeeka na kufika Kasindi. Kinachosikitisha ni kwamba ujuzi wa kuyapokea bado unapitishwa kwa mdomo kutoka garaji moja hadi nyingine, wakati daftari moja tu linaloeleza gari gani, la mwaka gani, linajibu kupitia tundu gani, lingewafaa mafundi wote wa Butembo, Beni, Oicha na Eringeti. Chama chochote cha mafundi kinaweza kulianzisha kwa kalamu na karatasi. Nawe mwenye gari, ukiambiwa kompyuta imekufa na ununue nyingine, omba kwanza fundi aweke testa kwenye tundu la 16 na la 4 mbele yako, akuonyeshe fyuzi kwa mkono wake, ndipo mzungumze bei.