Kalkilatere ya motere: inaweza nini, na inashindwa wapi

Mwenye taksi akilalamika kama gari yake inachoka kwenye mpando wa kutoka Baraka kwenda Fizi, siku hizi anaweza kupewa jibu fupi: kalkilatere iprogramiwe upya. Anatoa dola, anangoja motere izaliwe mara ya pili. Mara nyingi haizaliwi, na sababu zake zinafaa kujulikana mbele ya kufungua mfuko.

Kalkilatere ni kompyuta ndogo inayoongoza motere. Yenyewe haina nguvu hata kidogo. Inasoma kapteri, yaani vile vifaa vya kupima: hewa inayoingia, joto la maji, mwendo wa motere, pedali imekanyagwa namna gani, oksijeni iliyobaki ndani ya moshi. Kisha inaamua mambo mawili makubwa: enjektere zikae wazi muda gani, na buji ziwashe wakati gani. Namba za kuamulia ziliandikwa kiwandani. Kuprogramu ni kubadilisha zile namba, basi.

Shida ni hewa. Gramu 1 ya esanse inaomba karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Shofere akikanyaga mpaka chini, programu ya kiwanda inaongeza esanse kidogo kupita pale, kwa sababu hapo njo nguvu nyingi inapatikana. Kwa hiyo anayemwaga tena esanse juu ya ile anapata moshi mweusi na buji chafu. Motere isiyo na turbo inavuta hewa kwa pistoni zake tu, na hakuna programu inayoweza kuiongezea mapafu. Kwenye gari ya namna hiyo, ambayo vyuma vyake vyote bado ni vya kiwanda, faida ya kuprogramu kwa kawaida ni asilimia chache, na ni nadra ifike 10.

Chukua Toyota Probox yenye motere 1NZ-FE ya lita 1.5. Kiwanda kiliipa karibu farasi 109. Lakini ile ni hesabu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu meta 770 juu ya bahari. Pale Baraka, hewa imekwisha kupungua karibu asilimia 8, na gari inabaki na farasi kama 100. Kumbe mwinuko wa nchi umechukua kiasi kilekile ambacho muuza programu anaahidi kurudisha! Na kalkilatere imekwisha kulijua jambo hilo: inapima hewa na kupunguza esanse yenyewe. Kwenye Milima Mirefu upande wa Minembwe, ambako mtu anapita meta 2,000, upungufu unafika karibu asilimia 20.

Gari zenye turbo ni habari ingine. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, na programu inaweza kuiamuru isukume zaidi. Prado ya mazutu yenye motere 1KD-FTV ya lita 3.0 inaweza kuongezeka asilimia 15 au zaidi, na shofere atasikia tofauti ya kweli. Lakini turbo ni ileile, ambreyaji ni ileile, radiatere ni ileile. Wanaopima faida hiyo wanaipima kwenye lami, gari tupu, upepo unapiga mbele. Huku gari inabeba watu na magunia, inapanda udongo kwa vitesi ya kwanza, motere inalia na upepo hautoshi kupoza maji. Mazutu ya ziada inapandisha joto la moshi, na joto hilo njo linaua turbo na kupasua pistoni. Kiwanda hakikuacha akiba ile kwa ubahili. Kiliiacha kwa ajili ya siku kama hiyo.

Na kuna gari ambazo mtu akiahidi kuziprogramu anasema uongo mtupu. Land Cruiser nyingi za kazi zinazopita RN5 kutoka Uvira ziko na motere 1HZ, mazutu, lita 4.2, bila turbo. Ile inalishwa na pompi ya kimekanika. Hakuna kalkilatere inayogawa mazutu. Fundi anaweza kurekebisha pompi kwa bisibisi, na akizidisha, moshi mweusi utamshitaki.

Mafuta nayo yanaweka mpaka. Programu ya esanse inayotafuta nguvu inawasha cheche mapema zaidi, na hiyo inadai esanse safi yenye oktani ya kutosha. Esanse ya chupa kwa Kadafi wa kando ya njia inaweza kuwa nzuri, inaweza pia kuwa imechanganywa na petroli ya taa. Motere ikianza kugonga, kapteri ya kugonga inasikia na kalkilatere inarudisha cheche nyuma. Faida iliyolipiwa inayeyuka, na kama kapteri imekufa, ni pistoni inayolipa.

Vile vidude vya bei ndogo vya kuchomeka chini ya usukani, vinavyoahidi nguvu na kupunguza esanse, visihesabiwe kabisa. Vingine vilipofunguliwa, ndani mlikutwa taa za kuwakawaka tu.

Gari iliyopoteza nguvu kwa kawaida inaomba vitu vya zamani: filtri ya hewa iliyojaa vumbi, buji zilizochoka, enjektere chafu, pompi ya esanse iliyolegea, kompresio iliyoshuka. Skana ndogo inasoma makosa, inaonyesha pia kama kalkilatere inaongeza au inapunguza esanse kupita kawaida. Ikiwa inaongeza asilimia 20 kila wakati, kuna hewa inayoingia kwa tundu au esanse haifiki. Kuandika programu mpya juu ya ugonjwa ule ni kuuficha.

Anayeamua kuprogramu hata hivyo aulize kwanza kama fundi atahifadhi nakala ya programu ya kiwanda, na kama anaweza kuirudisha. Aangalie pia betri. Umeme ukishuka wakati namba zinaandikwa, kalkilatere inaweza kubaki nusu-nusu, motere isiwake tena, na gari ilale palepale garajeni mpaka kalkilatere ingine itafutwe mbali.