Sehemu ya 5: Walimu waliporudishwa darasani na Mahakama

Jana tuliishia likizo ya uzazi: siku 84, na 100 ukijifungua mapacha. Dada mmoja akaniuliza inboksi, "Nikijiunga na chama cha wafanyakazi, bosi si atanifukuza?" Ngoja turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi Tanganyika viliungana kuwa TFL, katibu mkuu Rashidi Kawawa. Vilikuwa na nguvu kweli. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, viongozi kadhaa wakawekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja nchi nzima. Katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Yaani anayekusemea ndiye huyo huyo serikali! Ikaja JUWATA, halafu OTTU mwaka 1991, mpaka vyama vikaanza tena kusimama vyenyewe.

Sasa njoo Julai 30, 2012. Walimu waligoma wakidai mishahara na posho. Wenye watoto shuleni mnakumbuka. Agosti 2, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikasema mgomo ni batili, taratibu hazikufuatwa, warudi kazini.

Usielewe vibaya hapo. Mahakama ilizuia mgomo ule, haikumnyima mwalimu haki ya kuwa na chama. Hata sisi wauguzi ni hivyo hivyo: kugoma tumebanwa, maana mama akishikwa na uchungu hasubiri kikao. Lakini kujiunga na chama, ruksa.

Jibu la dada sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inataja sababu ambazo si halali kumwachishia mtu kazi. Ujauzito umo. Kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kumo. Kifungu kimoja, mama!

Kwa hiyo uwe unauza duka Kahama, uko kiwanda cha pamba au unapika kwenye kantini ya mgodi Geita, haki hiyo ni yako. Ukiachishwa kwa sababu hizo usiishie kulia jikoni. Tunza mkataba na barua, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zikipita, kazi inakuwa ngumu.

Mtumie na shoga yako aliyeajiriwa. Kesho: yale masaa mawili ya kunyonyesha ambayo wengi hatuyaombi.