Herufi za Wakree wa Norway House

Kaskazini ya Kanada, karibu na mahali mto Nelson utokapo katika ziwa Winnipeg, pana kijiji kiitwacho Norway House. Wenyeji wake walio wengi ni Wakree. Zamani walikuwa wawindaji, wakiuza ngozi za wanyama kwa Kampuni ya Hudson's Bay.

Mwaka 1840 alifika huko James Evans, mmisionari wa Kimethodisti, akaanza kuandika Kikree kwa maumbo tisa tu na vialama vidogo. Umbo moja likielekea juu husomwa “pi”, chini “pe”, kulia “po”, kushoto “pa”. Ajuaye maumbo hayo amekwisha kujua kusoma, wala hapati taabu ya kuunganisha herufi kama tuliyoipata sisi sote darasani.

Mtambo wa chapa haukuwapo. Yasimuliwa kwamba Evans aliyeyusha risasi iliyotandazwa ndani ya makasha ya chai, akaimimina katika kalibu. Wino ulikuwa masizi na mafuta ya samaki, na mtambo ulikuwa ule wa kubana mizigo ya ngozi. Mwaka ule ule nyimbo zikapigwa chapa. Lakini Wakree hawakungoja vitabu. Waliandika kwa makaa juu ya magome ya miti, wakafundishana kambini, hata wamisionari walipofika mbali waliwakuta watu wanasoma tayari.

Wako Wakree wasimuliao kwamba herufi hizo alipewa mzee wao Mistanaskowew, katika ulimwengu wa roho. Neno hilo tusilidharau, maana vitabu vya Wazungu vimezoea kumtaja mmoja na kuwasahau wenziwe. Biblia nzima ya Kikree ilipotoka London miaka ya 1861 na 1862, ilikuwa na jina la William Mason, ingawa mkewe Sophia, na John Sinclair, na Henry Steinhauer wa kabila la Waojibwe, walifanya sehemu kubwa ya tafsiri.

La kusikitisha lilikuja baadaye. Makanisa yale yale yaliyowapa watu vitabu kwa lugha yao yakaendesha shule za bweni kwa fedha ya serikali, na Norway House ilikuwa nayo moja. Katika shule hizo watoto waliondolewa kwa wazazi, wakaadhibiwa kwa kusema Kikree. Mwaka 1998 Kanisa la Muungano la Kanada, walimoingia Wamethodisti mwaka 1925, liliomba radhi kwa ajili ya shule hizo. Baadhi ya waliosoma humo walikuwa wamekwisha kuwa wazee, na wengine hawakuweza tena kusema na wajukuu wao kwa Kikree.