Kadi Inayobatilishwa Kabla ya Wizi: Historia ya Tahadhari za Benki nchini Marekani

Desturi ya benki kubatilisha kadi ya malipo ambayo mwizi bado hajaitumia, kisha kumpelekea mteja kadi nyingine yenye namba mpya, imezoeleka kiasi cha kuonekana kuwa sehemu ya kawaida ya huduma. Hata hivyo, historia yake nchini Marekani, ambako ilikomaa, inaonyesha kwamba usalama wa kadi haukuamuliwa na ufundi wa mitambo peke yake, bali pia na sheria na mikataba iliyopanga ni nani atakayebeba hasara fedha zinapoibwa.

Mnamo Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, jimboni California, kadi za mkopo zilizoitwa BankAmericard, yaani kadi zilizomwezesha mteja kununua bidhaa sasa na kulipa baadaye, ingawa wakazi hao hawakuwa wameziomba. Benki nyingine zilipoiga mtindo huo katika miaka ya 1960, kadi nyingi ziliibwa zikiwa njiani, na kinga kubwa ya wenye maduka ilikuwa kijitabu chenye orodha ya namba za kadi zilizoripotiwa kupotea au kuibwa, ambacho muuzaji alikipekua kabla ya kupokea malipo. Kinga hiyo ilichelewa daima, kwa kuwa namba haikuingia kijitabuni mpaka wizi uwe umegunduliwa na orodha mpya iwe imechapishwa. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ilipiga marufuku kutuma kadi za mkopo zisizoombwa, na ikaweka dola 50 kuwa kikomo cha hasara ambayo mteja angeweza kudaiwa kadi yake ikitumiwa na mtu asiye na idhini. Kwa kuwa mzigo uliosalia sasa uliangukia upande wa benki na wafanyabiashara, benki zilipata sababu nzito ya kuuzuia ulaghai kabla haujatokea.

Wakati huohuo ulienea utepe wa sumaku, ambao ni ukanda mweusi ulio nyuma ya kadi na unaohifadhi namba ya akaunti na tarehe ya mwisho wa matumizi ili mashine izisome kwa haraka. Udhaifu wake ni kwamba taarifa zake hazibadiliki, hivyo aliyezinakili mara moja aliweza kuziandika kwenye kadi bandia na kuitumia kana kwamba ni halisi. Wizi wa kadi mojamoja ukageuka kuwa wizi wa mamilioni ya namba kutoka kwenye kompyuta za maduka na za kampuni zinazochakata malipo, na sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2003, iliyozitaka taasisi kuwaarifu watu ambao taarifa zao zimevuja, ilifanya iwe vigumu kuuficha. Mwaka 2007 kampuni ya maduka ya TJX ilitangaza kuvamiwa, na namba zaidi ya milioni 45 zikabainika kuchukuliwa. Mwaka 2009 ikafuata Heartland Payment Systems, ambako namba zilizoibwa zilikadiriwa kufikia milioni 130.

Mfano ulio wazi zaidi wa kadi kubatilishwa kwa tahadhari ni wa maduka ya Target, ambako wadukuzi walikusanya taarifa za kadi takribani milioni 40 kati ya Novemba 27 na Desemba 15, 2013. Benki zilikuwa na njia mbili: kuziacha kadi zikitumika huku zikichunguza kila muamala wenye kutiliwa shaka, au kuzibatilisha zote, ingawa nyingi pengine zisingeguswa kamwe na mwizi. Kufikia Februari 2014, benki na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vilikuwa vimebadilisha kadi milioni 21.8 kwa gharama iliyozidi dola milioni 200, ilhali mlango uliovunjwa haukuwa wao. Mwaka 2015 Target ilikubali kulipa takribani dola milioni 39 kumaliza kesi iliyofunguliwa na taasisi hizo.

Dawa ya udhaifu wa utepe wa sumaku ilikuwa imejulikana kwa muda mrefu. Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza ya kadi yenye kumbukumbu ya kielektroniki mwaka 1974, na Ufaransa ikatangulia kuweka chipu, yaani kipande kidogo cha kielektroniki, katika kadi zake zote za benki mapema katika miaka ya 1990. Chipu za kiwango kilichokuja kukubaliwa kimataifa hutoa msimbo mpya kwa kila muamala, kwa hiyo msimbo ulionakiliwa leo haufai kesho. Marekani ilisitasita mpaka Oktoba 1, 2015, wakati kampuni za mitandao ya kadi zilipoihamishia hasara ya kadi bandia kwa upande ambao ulikuwa haujaweka vifaa vya chipu.

Hata hivyo, chipu haimlindi mnunuzi anayeandika namba ya kadi kwenye tovuti, na ndiyo maana kubadilisha kadi kwa tahadhari kungali kunahitajika. Historia hii inafundisha kwamba kinga ilisonga mbele kila mara hasara ilipowekwa mikononi mwa mwenye uwezo wa kuizuia, na ilikwama kila mara gharama ya uzembe ilipoachiwa wengine. Kwa hiyo haki katika kugawa hasara inastahili kuhesabiwa kuwa nguzo ya usalama wa malipo, sawa na chipu yenyewe.